Mgeni Asiyepewa Jembe: Maisha ya Kila Siku ya Waandishi Weusi wa Marekani Jijini Paris, 1946–1963

Wahakiki wengi wa fasihi ya Wamarekani Weusi wamezoea kulitaja jiji la Paris kama neno la mkato linalosimamia uhuru. Husemwa kwamba Richard Wright alihamia huko kwa kuwa alichoshwa na ubaguzi wa rangi, kwamba James Baldwin na Chester Himes walimfuata kwa sababu iyo hiyo, na kwamba huko wote wakapumua. Kauli hii si ya uongo. Kasoro yake ni kuwa inakoma pale safari inapokoma, kwenye gati la meli au kituo cha gari la moshi, na haimfuati mwandishi hadi kwenye chumba alichopanga, kwenye foleni ya kibali cha ukaazi, au kwenye meza ya mkahawa alikoandikia kwa kuwa chumbani mwake hamkuwa na moto. Makala haya yanadhamiria kumfuata hadi huko. Hoja inayotetewa ni kwamba uhuru walioupata waandishi hawa ulikuwa uhuru wa mgeni, tena mgeni atokaye taifa kubwa. Masharti yake yalijidhihirisha katika mambo madogo madogo ya kila siku, na sharti lililokuwa zito kuliko yote, yaani kunyamaza juu ya Algeria, liliacha alama katika maandishi yao: katika yale waliyoyasema na hasa katika yale waliyoyaacha bila kusemwa.

Istilahi yenyewe yahitaji tahadhari. Kiswahili kina maneno kadhaa ya kumtaja mtu aishiye katika nchi isiyo yake: mgeni, mhamiaji, mkimbizi, muhajiri, mlowezi. Mkimbizi ni yule aliyefukuzwa na vita, njaa au serikali. Wright hakuwa huyo, kwani alihama New York kwa hiari, na hata gari lake aina ya Oldsmobile akalisafirisha. Mlowezi naye, hasa masikioni mwa msomaji wa Kenya, ni mtu aliyekuja kutwaa ardhi. Muhajiri ni neno lenye harufu ya dini. Limebaki neno mgeni, na katika utamaduni wa Waswahili neno hili lina sheria zake: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Aghalabu methali hii hufasiriwa kama onyo kwa mgeni mvivu. Lakini jembe lina upande wa pili, kwani mwenye kulima ana haki ya kusema neno juu ya shamba. Wamarekani waliokaa Paris miaka kumi au ishirini walikirimiwa kama wageni wa siku ya kwanza, na siku ya tatu haikufika. Lilikuwapo kundi jingine lililokabidhiwa jembe siku ile ile ya kuwasili bila kuonyeshwa hata mkeka. Habari zake zitafuata.

Nyumba, chakula na dola

Historia ya Wamarekani Weusi nchini Ufaransa haikuanza na Wright. Mwaka 1918 askari wa kikosi cha 369 kutoka New York walipigana chini ya jeshi la Ufaransa, kwa kuwa makamanda wa nchi yao hawakutaka kuwaweka bega kwa bega na askari wazungu. Langston Hughes aliosha vyombo katika klabu ya Le Grand Duc, mtaa wa Pigalle, mwaka 1924. Josephine Baker aliwasili mwaka 1925 na kuchukua uraia wa Ufaransa mwaka 1937. Claude McKay, katika riwaya yake Banjo (1929), alisawiri maisha ya vibarua na mabaharia weusi katika bandari ya Marseille, na yafaa kukumbukwa kwamba riwaya hiyo iliwatazama Waafrika wa makoloni kwa jicho la karibu kuliko vitabu vingi vilivyoifuata.

Wright aliingia Paris mara ya kwanza mwezi wa Mei 1946, akiwa tayari mwandishi mashuhuri kwa sababu ya Native Son (1940) na tawasifu yake Black Boy (1945). Serikali ya Marekani ilisitasita kumpa pasipoti, na mwaliko rasmi wa serikali ya Ufaransa ndio uliofungua njia. Alirejea New York mapema mwaka 1947, na mwezi wa Agosti mwaka huo huo akahama moja kwa moja pamoja na mkewe Ellen na binti yao Julia. Ili kuielewa hatua hiyo inafaa kuangalia jambo dogo la nyumba. Alipotaka kununua nyumba katika mtaa wa Greenwich Village, mtu mweusi mwenye jina na fedha alilazimika kupitia kampuni iliyoficha jina lake, kwa kuwa majirani na benki wasingekubali. Isitoshe, Ellen alikuwa mzungu. Sheria zilizoharamisha ndoa za aina hiyo zilikuwa zingali zinatumika katika majimbo mengi ya Marekani, na hazikubatilishwa na Mahakama Kuu ya nchi hiyo hadi mwaka 1967. Katika mji wa New York ndoa yao ilikuwa halali, ila uhalali wa karatasi haukuzuia macho na matusi ya wapita njia. Kuanzia 1948 familia hii ilikaa katika nyumba namba 14, rue Monsieur-le-Prince, hatua chache kutoka Sorbonne, na humo ilidumu zaidi ya miaka kumi. Wright alipata kutembea na mkewe na watoto wake hadi bustani ya Luxembourg pasipo mtu kuwageukia. Mhakiki anayelidharau jambo hili kwa kuwa si la kiitikadi hajafikiria vyema maana ya itikadi.

Paris ya wakati huo, hata hivyo, haikuwa na raha nyingi za mwili. Mkate uliendelea kugawiwa kwa kadi hadi mwaka 1949, makaa ya mawe yalikuwa haba, na umeme ulikatika mara kwa mara. Mgeni wa Kimarekani aliyapitia hayo akiwa na kinga ambayo jirani yake Mfaransa hakuwa nayo, nayo ni dola. Tangu mwishoni mwa mwaka 1949 dola moja ilibadilishwa kwa takriban faranga 350 za zamani. Sheria ya mwaka 1944 iliyowasomesha askari waliorejea kutoka vitani ilimpa mseja posho ya dola 75 kwa mwezi kuanzia 1948, hata akisomea ng'ambo. Hizo zilikuwa faranga zipatazo 26,000, kiasi cha kumlisha na kumlaza kijana asiye na makuu. Wasanii, wanamuziki na wanafunzi weusi waliojaa katika mikahawa ya ukingo wa kushoto wa mto Seine baada ya vita walikuwa, kwa sehemu kubwa, watu wa posho hii. Kwa hiyo ukarimu wa Paris ulikuwa na mfadhili wake Washington. Hili halikanushi ukarimu wenyewe, ila laonyesha kwamba mgeni alikuja na chakula chake, na mgeni wa namna hiyo hukaribishwa kwa urahisi popote.

Kundi hili lilikuwa na baraza zake. Mkahawa wa Tournon, karibu na bustani ya Luxembourg, ndio uliokuwa makao makuu katika miaka ya 1950: hapo Wright alicheza mchezo wa mashine za vibofyo na kubishana, Himes alipiga soga, na mchoraji wa katuni Ollie Harrington, aliyewasili 1951, alizua vicheko kwa visa vyake. Kwa aliyetamani chakula cha nyumbani kulikuwa na mkahawa uliofunguliwa mwaka 1949 mtaani Pigalle na Leroy Haynes, askari wa zamani, pamoja na mkewe Mfaransa, ukipika kuku wa kukaanga, maharagwe na matumbo ya nguruwe kama yapikwavyo Marekani Kusini. Tanbihi ndogo yastahili hapa. Mtu anayekula chakula cha kwao, akiongea lugha ya kwao, na watu wa kwao, kila jioni kwa miaka saba, yuko Paris kwa anwani tu.

Chumba cha hoteli na shuka la kitanda

Hali ya James Baldwin ilikuwa tofauti kabisa. Alishuka Paris tarehe 11 Novemba 1948, umri wake miaka 24, mfukoni ana dola 40, wala hakuwa askari wa zamani wa kupewa posho. Aliishi katika vyumba vya hoteli za bei nafuu, vikiwa baridi kiasi cha kumfukuza asubuhi hadi ghorofa ya juu ya Café de Flore, ambako kikombe kimoja cha kahawa kilimpatia meza na joto la kutwa nzima. Sehemu kubwa ya riwaya yake ya kwanza, Go Tell It on the Mountain (1953), iliandikwa kwenye meza ile. Riwaya hiyo yahusu kanisa dogo la Harlem na mhubiri katili asiyempenda mwanawe wa kambo. Ndani yake hamna Mfaransa hata mmoja. Aliikamilisha katika kijiji cha milimani nchini Uswisi majira ya baridi ya 1951 na 1952, akisikiliza santuri za Bessie Smith ili sauti ya usemi wa watu wake imrudie.

Kisa kinachofaa kuzingatiwa zaidi kilitukia mwezi wa Desemba 1949. Mmarekani mmoja aliyefahamiana na Baldwin alihama hoteli yake na kuondoka na shuka la kitanda, kisha akahamia hoteli aliyokuwamo Baldwin. Polisi walipofika kupekua, shuka lilionekana chumbani mwa Baldwin, na wote wawili wakatiwa mbaroni. Alikaa siku nane, zikiwemo siku za Krismasi, katika jela ya Fresnes nje kidogo ya Paris, hadi kesi ilipotupiliwa mbali. Insha aliyoiandika juu ya kisa hicho, "Equal in Paris", ilichapishwa mwaka 1955 na kuingizwa katika mkusanyiko wake Notes of a Native Son.

Insha hiyo kwa kawaida husomwa kama ucheshi mchungu, na ucheshi kwa kweli umo. Lakini ukiangaliwa kwa makini, uzito wake uko katika kitendawili cha kilugha na kijamii. Katika kituo cha polisi cha Marekani Baldwin angejua namna ya kujihami: ameyasoma macho ya polisi mzungu tangu utotoni, anajua neno gani litamwokoa na lipi litamponza. Katika kituo cha Paris ujuzi huo wote ulikuwa bure. Mbele ya maafisa wale hakuwa mtu mweusi kwa maana ya kwao. Alikuwa Mmarekani, na hadhi hiyo aliyoikimbia ndiyo aliyovishwa. Hakujua kama sauti ya afisa ilikuwa ya ukali au ya kawaida. Hakujua hata anashtakiwa nini hasa. Usawa unaotajwa katika anwani ya insha ni usawa wa mtu asiyejulikana, na Baldwin anauonyesha bila kuusifu wala kuulaani. Mwishoni mahakama inacheka inaposikia habari ya shuka, na kicheko hicho kinamrudisha kwao: ni kicheko cha watu ambao mateso ya mwingine hayawahusu.

Jambo moja zaidi katika insha hiyo halijapewa uzito na wahakiki. Jela ile ilijaa watu wasio na wakili, wasio na rafiki wa kupigiwa simu, na miongoni mwao walikuwamo watu wa Afrika Kaskazini. Baldwin aliokolewa na mwanasheria Mmarekani aliyemfahamu. Wao hawakuwa na wa kuwaokoa. Aliwaona, akawataja, akapita. Ilimchukua zaidi ya miaka 20 kuwarudia, katika No Name in the Street (1972), ambamo alikiri waziwazi kwamba alivyotendewa yeye jijini Paris na walivyotendewa Waalgeria vilikuwa vitu viwili.

Lugha

Ni rahisi kusahau kwamba mtu anaweza kukaa miaka mingi katika nchi asiijue lugha yake ila kwa mahitaji ya dukani. Kifaransa cha Wright hakikupata kuwa fasaha licha ya miaka yake 13 na urafiki wake na Jean-Paul Sartre na Simone de Beauvoir. Himes, aliyefika Aprili 1953 akiwa na miaka 43, alijua kidogo zaidi ya salamu. Baldwin alijifunza vizuri. William Gardner Smith, kijana wa Philadelphia aliyehamia 1951, alikimudu vyema zaidi kwa sababu ya kazi: kuanzia 1954 aliajiriwa na shirika la habari la Agence France-Presse. Tofauti hii si ya bahati tu. Watakaotajwa mbele kuwa walizisikia sauti za Waalgeria ni hao hao waliozielewa kelele za barabarani.

Himes ni mfano wa kustaajabisha wa kinyume chake. Mfasiri wake, Marcel Duhamel, ndiye aliyeasisi mfululizo wa riwaya za upelelezi uitwao Série Noire mwaka 1945 katika kampuni ya Gallimard, naye akamshauri aandike riwaya za aina hiyo juu ya Harlem. Himes, aliyekuwa hana senti, alikubali kwa ajili ya malipo ya awali. Kitabu cha kwanza kilitoka Marekani mwaka 1957 kwa jina For Love of Imabelle na Ufaransa mwaka 1958 kwa jina La Reine des pommes, kikatunukiwa tuzo kubwa ya riwaya za upelelezi ya Ufaransa mwaka huo huo. Huyu ni mwandishi asiyeweza kuisoma vyema tafsiri iliyompa tuzo. Harlem ya wapelelezi wake wawili, Coffin Ed na Grave Digger, ni mji uliotiwa chumvi na kuvimbishwa, wenye wachungaji walaghai, majeneza yanayokimbia na magari yasiyo na breki. Wako wahakiki waliodai kwamba Himes aliipotosha Harlem kwa sababu alikuwa mbali nayo. Lawama hii haina msingi imara. Umbali huo ndio uliomwezesha kuicheka. Huko Ohio, ambako alitumikia kifungo cha miaka saba na nusu kwa wizi wa mabavu, na huko Los Angeles alikofanya kazi viwandani wakati wa vita, aliandika kwa hasira tupu. Kicheko kilimjia Paris, mahali ambapo hakuna aliyemwelewa akizungumza. Ikiwa kuna mtu aliyefaidika na kutojua lugha ya wenyeji, basi ni yeye.

Waliokuwa na jembe

Vita vya ukombozi wa Algeria vilianza tarehe 1 Novemba 1954. Kufikia mwaka 1962 Waalgeria waliokuwa Ufaransa walikadiriwa kuwa 350,000, wengi wao wakiwa wajenzi, wachimbaji wa barabara, na wafanyakazi wa viwanda kama kile cha magari ya Renault huko Boulogne-Billancourt. Wengi waliishi katika mabanda ya matope na mabati huko Nanterre, karibu na mji ambao mikahawa yake inasifiwa katika kumbukumbu za Wamarekani. Hapa sheria na maisha ya kila siku vilipishana kwa namna ya ajabu. Kisheria Mwalgeria alikuwa raia wa Ufaransa tangu 1947, na Mmarekani alikuwa mgeni anayetakiwa kuomba kibali cha ukaazi kwa mujibu wa amri ya Novemba 1945. Barabarani mambo yalikuwa kinyume. Raia ndiye aliyesimamishwa, akapekuliwa, akaulizwa karatasi zake kwa nafsi ya dharau ambayo Wafaransa huitumia kwa watoto. Mgeni aliitwa bwana. Msomaji wa Kenya aliyesimuliwa na wazee wake habari za kipande na za kafyu ya miaka hiyo hiyo hana haja ya maelezo marefu.

Wright hakuwa mtu asiyejali ukoloni. Alizuru Ghana ilipokuwa ingali Gold Coast mwaka 1953 na kuandika Black Power (1954). Alihudhuria mkutano wa Bandung mwaka 1955 na kuandika The Color Curtain (1956). Alikuwa miongoni mwa walezi wa jarida la Présence Africaine lililoasisiwa na Alioune Diop mwaka 1947, na akahutubia Kongamano la kwanza la Waandishi na Wasanii Weusi lililofanyika Sorbonne mwezi wa Septemba 1956, huku vita vya Algeria vikiwa vimepamba moto. Na bado, miongoni mwa vitabu alivyovichapisha uhaini mwake hakuna hata kimoja kinachovifanya vita hivyo kuwa mada yake. Aliweza kuukemea ukoloni wa Waingereza mjini Accra na udikteta wa Franco katika Pagan Spain (1957). Ukoloni wa nchi iliyompa paa aliupita kimya.

Ni rahisi kumhukumu, na wamo waliofanya hivyo kwa ukali. Lakini mhakiki wa historia budi azipime karatasi alizokuwa nazo mezani. Kibali chake cha ukaazi kilitoka kwa polisi wa Paris, nacho kilihitaji kuhuishwa. Pasipoti yake ilitoka kwa ubalozi wa Marekani, ambao mwaka 1954 ulimtaka atoe maelezo juu ya uanachama wake wa zamani katika chama cha Kikomunisti, chama alichokwisha kukiacha tangu 1942. W. E. B. Du Bois na Paul Robeson walikuwa wamenyimwa pasipoti. Du Bois alilazimika kutuma salamu tu kwa kongamano la 1956. Mgeni aliyeishutumu siasa ya Ufaransa aliweza kufukuzwa nchini, na akifukuzwa angerudishwa kwa serikali iliyokuwa ikimsubiri na maswali. Sartre alipotia saini tamko la wasomi 121 dhidi ya vita mwezi wa Septemba 1960, alikuwa akihatarisha mengi, lakini hakuna aliyeweza kumfukuza kutoka nchi aliyozaliwa. Katika mkahawa wa Tournon hofu hii iligeuka sumu. Mwaka 1957 jarida la Life lilichapisha barua ya kuishambulia Ufaransa kwa sababu ya Algeria, iliyotiwa jina la Ollie Harrington ambaye hakuiandika. Aliyeghushi alikuwa Mmarekani Mweusi mwenzake. Kwamba barua ya kusema ukweli juu ya Algeria ilitumika kama silaha ya kumwangamiza mtu yatosha kueleza hali ilivyokuwa. Tangu hapo kila mtu mezani alimshuku mwenziwe kuwa jasusi, na shuku hiyo ndiyo mada ya "Island of Hallucination", riwaya ya Wright kuhusu Wamarekani Weusi wa Paris ambayo haikuchapishwa ikiwa nzima.

Wright mwenyewe alianza kujitenga. Alinunua nyumba ya shamba katika kijiji cha Ailly, Normandy, akalima viazi na mboga na kuwagawia marafiki. Jembe, basi, alilipata, ila kwa kulinunua mwenyewe na mbali na baraza. Katika miezi 18 ya mwisho ya uhai wake, akiwa mgonjwa, aliandika haiku zipatazo 4,000, mashairi mafupi ya mtindo wa Kijapani yenye mvua, konokono, mimea na upweke. Uteuzi wake ulichapishwa mwaka 1998. Alifariki Paris tarehe 28 Novemba 1960, umri wa miaka 52, na majivu yake yamehifadhiwa katika makaburi ya Père Lachaise.

Uso wa jiwe

Aliyekivunja kimya ni mdogo wao, William Gardner Smith, kwa riwaya yake ya nne, The Stone Face (1963). Mhusika mkuu, Simeon Brown, ni mwanahabari na mchoraji wa Philadelphia aliyepoteza jicho moja ujanani kwa kisu cha kijana mzungu. Anafika Paris kutafuta utulivu, na nusu ya kwanza ya riwaya inampa yote ambayo wahakiki wa uhuru wa Paris wangeyataka: mikahawa, vichekesho, mapenzi, usingizi usio na ndoto mbaya. Kisha, baada ya mzozo barabarani, yeye na Waalgeria kadhaa wanapelekwa kituoni. Yeye anaachiliwa kwa adabu na kuonywa asichangamane na watu wale. Wao wanabaki ndani. Siku inayofuata anakutana nao, na mmoja wao anamuuliza kwa kejeli kuwa mzungu kuna ladha gani. Swali hilo ndilo kiini cha riwaya. Mtu aliyeikimbia nchi yake kwa sababu ya rangi yake anaambiwa kwamba weupe si rangi ya ngozi bali ni mahali mtu anapowekwa na polisi. Simeon anapowachukua rafiki zake Waalgeria hadi klabu alikozoea kukaribishwa, macho ya ubaridi yanawapokea, na kwa mara ya kwanza anaiona klabu ile walivyoiona wao.

Kisanaa riwaya hii ina udhaifu. Hadithi ya mapenzi ya Simeon na Maria, Myahudi wa Poland aliyenusurika kambi za Wanazi, imelegea, na mazungumzo ya kisiasa wakati mwingine huwa hotuba. Hata hivyo sura zake za mwisho hazina mfano katika fasihi ya wakati ule. Tarehe 5 Oktoba 1961 polisi wa Paris, wakiongozwa na Maurice Papon, walitangaza kafyu iliyowalenga Waalgeria pekee. Tarehe 17 Oktoba makumi ya maelfu yao waliandamana bila silaha. Walipigwa, walirundikwa katika viwanja vya michezo, na wengine wakatupwa mtoni Seine. Serikali ilitangaza vifo vichache visivyozidi vidole vya mkono mmoja. Mwanahistoria Jean-Luc Einaudi, aliyeyachunguza mauaji hayo miaka 30 baadaye, aliwakadiria waliouawa kuwa takriban 200. Smith aliyasawiri mauaji hayo katika riwaya ndani ya miaka miwili, wakati magazeti na vitabu vilivyoyataja nchini Ufaransa vikitwaliwa na polisi. Simeon anamwona polisi akimpiga mwanamke aliyebeba mtoto, anautambua katika sura ya polisi uso ule ule wa jiwe alioukimbia Philadelphia, na anampiga. Ndiyo mara ya kwanza anapotenda jambo la mwenyeji.

Mwisho wa riwaya umezua mjadala. Simeon anaamua kurudi Marekani, kwa hoja kwamba Waalgeria wa nchi ile ni watu wake mwenyewe. Baadhi ya wasomaji wameuona uamuzi huo kama njia ya mkato: shujaa anaondoka pale anapoanza kuhitajika. Maisha ya mwandishi yalichukua njia nyingine. Smith hakurudi kuishi Marekani. Alikwenda Ghana mwaka 1964 kusaidia kuanzisha televisheni ya taifa, akarejea Paris baada ya Nkrumah kupinduliwa mwaka 1966, akaendelea na kazi yake katika shirika lile lile la habari, na akafa mwaka 1974 akiwa na miaka 47. Kibali chake hakikufutwa. Huenda sababu ni kwamba mwaka 1963 Algeria ilikuwa imekwisha kujitawala. Huenda pia ni kwamba riwaya ilikuwa kwa Kiingereza, na wakubwa wa Paris hawakuwa na haja ya kuisoma.

Vitabu vya Wright, Baldwin na Himes vilipata wachapishaji wa Kifaransa uhaini mwao, na Baldwin alitunukiwa nishani ya Légion d'honneur mwaka 1986, mwaka mmoja kabla ya kufa nyumbani kwake Saint-Paul-de-Vence. The Stone Face ilifasiriwa kwa Kifaransa mwezi wa Oktoba 2021, miaka 58 baada ya kuchapishwa. Mwezi huo huo Rais Emmanuel Macron aliweka shada la maua kando ya mto Seine na kuyataja mauaji ya 1961 kuwa uhalifu usio na udhuru. Wiki sita baadaye, tarehe 30 Novemba, Josephine Baker aliingizwa katika Panthéon, Mmarekani Mweusi wa kwanza kulazwa miongoni mwa mashujaa wa Ufaransa. Jeneza lake lilibebwa likiwa na udongo wa mahali pannne alipoishi, na mwili wenyewe ukabaki Monaco.